Koo, Kimeo na Kidakatonge: Uzembe wa Istilahi katika Anatomia ya Shingo

Mjadala wa istilahi za Kiswahili umeegemea mno upande wa taaluma ngeni kama vile fizikia na kompyuta. Mwili wa binadamu umedhaniwa kuwa hauna tatizo, kwani kila mzungumzaji anao na amekwisha kuutaja tangu utotoni. Dhana hiyo haina msingi, na udhaifu wake hauonekani popote vizuri zaidi ya shingoni. Katika nafasi isiyozidi shubiri moja hupita chakula, hewa, damu, sauti na uti wa mgongo. Na ni katika nafasi hiyo hiyo ambapo Kiswahili Sanifu kimeyaachia majina yagongane.

Tofauti ya msingi lugha inayo. Shingo ni kiungo chote, kile kinachovaa ushanga na kubeba kichwa. Koo ni njia iliyomo ndani yake. Mgonjwa wa Kongwa au Mpwapwa anayelalamika kwamba shingo inamuuma hachanganyi na yule ambaye koo linamuuma. Matatizo huanza baada ya hapo. Chakula kina njia yake, umio, na jina hili halina mgogoro. Kwa njia ya hewa na sauti, kinyume chake, yamerundikwa koromeo, kikoromeo, kongomeo na zoloto, na hakuna anayejua kwa hakika lipi ni la kisanduku cha sauti, lipi ni la gegedu inayojitokeza mbele ya shingo ya mwanamume, na lipi ni la nafasi iliyo nyuma ya kinywa. Wanaisimu nao hawana cha kujivunia. Sauti [h] hufundishwa katika darasa moja kuwa ni ya glota, na katika darasa la pili kuwa ni ya koromeo, kana kwamba hewa hubadili njia kwa kumfuata mwalimu.

Mfano ulio mzito zaidi ni kidakatonge. Vitabu vya fonetiki vimelizoesha jina hili kwa kile kinyama kidogo kinachoning'inia mwishoni mwa kaakaa laini. Hata hivyo, muundo wa neno lenyewe unapinga matumizi hayo. Kinyama kile hakidaki tonge lolote. Kinachofanya kazi inayokaribia kudaka ni kile kifuniko cha gegedu kilicho chini, nyuma ya shina la ulimi, ambacho hulala juu ya mlango wa zoloto wakati wa kumeza ili tonge lisiingie njia ya hewa. Wapo wanaolitumia jina hilo kwa kifuniko hiki, na wao ndio walio karibu na ukweli wa maumbile. Hivyo, mwanafunzi wa isimu na mwanafunzi wa tiba wanaweza kulitamka neno moja huku kila mmoja akielekeza kidole mahali pake.

Ingekuwa ni ugomvi wa wasomi tu, ungeweza kuachwa. Lakini kinyama kile kinachoning'inia kina jina jingine mitaani na vijijini: kimeo, au kimio kwa wengine. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtoto anayekohoa kwa muda mrefu, anayetapika au anayekataa kunyonya husemwa kuwa "ana kimeo", na hupelekwa kwa mkataji. Hatari zake zinafahamika: kuvuja damu, maambukizi, pepopunda, hata kifo, ilhali kikohozi chenyewe, ambacho huenda ni nimonia au kifua kikuu, hubaki bila kutibiwa.

Hapa mwanaisimu ana la kusema ambalo daktari peke yake hawezi kulisema. Kauli "mtoto ana kimeo" ni ya kweli kwa kila mtoto, kama ilivyo kweli kwamba ana pua. Kilichotokea ni kwamba jina la kiungo limegeuzwa kuwa jina la ugonjwa, na ugonjwa ukishachukua jina la kiungo, tiba inayokuja haraka akilini ni kukiondoa kiungo hicho. Sikio la mzungumzaji pia husaidia kupotosha: katika kimeo husikika kitenzi mea, kana kwamba kinazungumziwa kitu kilichoota pasipostahili. (Vijana wa mijini wamekwenda mbali zaidi, na gari bovu nalo huitwa kimeo.) Mikoa ya kati inalifahamu jambo la namna hii kwa uchungu. Huko Dodoma na Singida jina lawalawa, lililobebeshwa maradhi mbalimbali ya sehemu za siri, lilitumiwa kuhalalisha ukeketaji wa wasichana kana kwamba ni tiba, na liliendelea kutumiwa hata baada ya sheria ya mwaka 1998 kuupiga marufuku.

Shingo imezua mkanganyiko hata mbali na mahali pake. Neno la Kilatini lililomaanisha shingo lilitumiwa na matabibu wa Ulaya pia kwa sehemu ya chini ya tumbo la uzazi, na Kiswahili cha hospitali kikafuata kwa kutafsiri: saratani ya shingo ya kizazi. Mlango wa kizazi, jina linaloeleweka mara moja kwa mwanamke yeyote, lipo na linatumika. Chanjo ya kuikinga saratani hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na haifai wazazi wao waelezwe kwa majina mawili, moja la Kiswahili na moja la Kilatini kilichovishwa kanzu.

Si kwamba lugha ni maskini. Mifupa 7 ya shingo, idadi ile ile aliyonayo twiga, ina jina la kufaa kabisa: pingili, ambalo mtoto wa Bahi au Chamwino amekwisha kulijua kutokana na bua la mtama. Pingili ya kwanza wanatiba huiita kwa jina la jitu la ngano za Wagiriki lililobebeshwa mbingu. Mwanamke aliyetoka kisimani na ndoo juu ya ngata angeweza kuwapa jina lililo bora.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha Kiswahili na kinafundisha tiba. Daktari husoma anatomia kwa Kiingereza, kisha humkabili mgonjwa kwa Kiswahili, na pengine kwa Kigogo kupitia mkalimani aliyekuwa akipita koridoni. Idara hizi mbili zingeweza kuanza na majina matatu tu: kidakatonge kiwe cha kifuniko, zoloto iwe ya kisanduku cha sauti, na kile kinachoning'inia kiitwe kilimi, neno la zamani lenye picha ya ulimi mdogo na lisilobeba harufu ya wembe. Kimeo kisifutwe, kwa maana watu hawataliacha neno hilo. Kielezwe katika kamusi kuwa ni kiungo cha kila mtu, na muuguzi wa kliniki ya watoto alisome fasili hiyo kwa sauti mbele ya mama aliyekuja na mtoto anayekohoa.