Tusimfokee rubani anayegeuza ndege

Mhariri,

Asubuhi moja ya Julai nilipanda ndege ndogo kutoka uwanja wa ndege wa Wilson kwenda Maasai Mara. Tulipokaribia vilima vya Ngong, wingu lilikuwa limefunika vilele vyote. Rubani akainama, akachungulia mbele, akageuza ndege. Abiria mmoja akaanza kufoka: amelipa, ana wageni wanamngoja! Rubani, kijana wa watu, jasho lilimtiririka shingoni, lakini hakujibu.

Rubani anayeruka kwa kutegemea macho huongozwa na ardhi na upeo. Akimezwa na wingu, maji ya sikio la ndani humdanganya. Ndege inainamia upande mmoja naye anahisi imenyooka. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wasiozoea kuongozwa na vyombo pekee. Wote walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani ndani ya sekunde 178. Dakika 3 hazijatimia! Na kwetu winguni mna milima. Juni 5, 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kuja Nairobi iligonga milima ya Aberdare katika hali mbaya ya hewa, wakafa wote 10.

Naziomba kampuni za ndege zirudishe nauli bila ubishi, na zisimhoji rubani kwa nini amerudi. Nasi abiria tunyamaze. Siku ile tulirudi Wilson, tukangoja hadi saa sita mchana. Tulipopita Ngong tena, niliona jinsi vilele vilivyo karibu na njia yetu, nikanyoosha mkono kumshika rubani bega.

Msomaji wako,
Nairobi