Orodha ya Kuazima na Ridhaa Isiyo na Ulimi: Hoja Kuhusu Lugha ya Jinsia na Vijana wa Mombasa Bara

1. Utangulizi

Imekuwa desturi miongoni mwa baadhi ya wasomi wa Afrika Mashariki kushikilia kwamba Kiswahili hakina maneno ya kumzungumzia kijana ambaye nafsi yake haiafikiani na jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa. Kutokana na dai hilo hupendekezwa dawa moja: mwalimu, muuguzi na mshauri nasaha wajifunze orodha ya istilahi za Kiingereza, kisha ama wazitumie kama zilivyo au wazitafsiri neno kwa neno. Makala haya yanalipinga dai hilo pamoja na dawa yake. Upungufu uliopo ni wa mazungumzo, wala si wa maneno. Na orodha ya kuazima humgeuza kijana kuwa mada inayojadiliwa na watu wengine mbele ya macho yake.

Hoja hii inahusu Likoni, Kisauni na Changamwe, maeneo ya bara yanayokizunguka kisiwa cha Mombasa. Huko Mdigo, Mgiriama, Mswahili wa asili na mhamiaji aliyefuata kazi za bandari na reli hukutanishwa na Kiswahili kabla ya kukutanishwa na Kiingereza. Iwapo matibabu ya aina fulani yafaa au hayafai, hilo si la mhakiki wa fasihi kuamua. Lugha ambayo kwayo swali hilo linaulizwa, hata hivyo, ni shamba lake, na hana udhuru wa kuliacha liote magugu.

2. Maneno ya kale na mipaka yake

Wapo wanaosema kwamba mada yenyewe ni ngeni, na kwa hiyo haihitaji maneno. Hao wanakanushwa na lugha yao wenyewe. Hanithi, huntha, msenge na shoga si maneno yaliyoletwa na warsha za juzi. Pwani hii, pamoja na Oman inayohusiana nayo kwa damu na biashara, ilikwisha kuwa uwanja wa mjadala wa kitaaluma kabla ya wengi wa wanafunzi wa leo kuzaliwa. Mwaka 1977 Unni Wikan aliandika katika jarida la Man kuhusu mahanithi wa Sohar, akawaona kama jinsia ya tatu. Gill Shepherd, aliyeijua Mombasa kwa utafiti, alimpinga katika jarida lilo hilo mwaka 1978. Na mwaka 1987 alichapisha makala kuhusu Mombasa yenyewe, akasisitiza uzito wa daraja na mali katika mahusiano ya watu. Mjadala huo wote, hata hivyo, uliendeshwa kwa Kiingereza kuhusu maneno ya Kiswahili, na wenye maneno hawakualikwa kujibu.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba maneno hayo yanatosha. Huntha ni neno la maumbile: humtaja aliyezaliwa na dalili za mwili zisizoainika kwa urahisi kuwa za kiume au za kike, na wanafunzi wa fiqhi hulikuta katika milango ya mirathi. Hanithi hutaja upungufu wa nguvu za kiume, na mitaani limekuwa tusi. Shoga ni neno la mapenzi likitoka kinywani mwa mwanamke kumwita mwenzake, na ni fedheha likielekezwa kwa mwanamume. Yote hayo huwahukumu watu wazima kwa miili yao au kwa matendo yao. Hakuna hata moja linalosema habari za mtoto wa miaka kumi na mitatu na jinsi anavyojihisi.

Kuyachanganya maneno haya kuna gharama. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi mbili tofauti. Moja ilimhusu mtoto mchanga, aliyetajwa kama Mtoto A, ambaye maumbile yake hayakuainika wakati wa kuzaliwa. Nyingine ilimhusu Audrey Mbugua, aliyedai cheti cha mtihani kibadilishwe ili kiendane na jina na maisha yake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu mahuntha 1,524 nchini, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawatambua watoto wa aina hiyo. Sensa hiyo haikumhesabu mtu wa hali ya Mbugua kwa hali yake hiyo. Anayewatia wote katika fungu moja la "watu wa jinsia mbili" huwadhulumu wote kwa pamoja.

3. Istilahi zisizotulia

Watetezi wa orodha husema kwamba Kiingereza ni lugha ya sayansi, na kwamba istilahi zake zimetulia. Ushahidi unaonyesha kinyume. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliacha jina lililoita hali hii kasoro ya utambulisho, kikachukua jingine linalotaja dhiki. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji ulioidhinishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, lilichagua kutaja kutolingana, na likaihamisha hali hiyo kutoka sura ya magonjwa ya akili. Kasoro, dhiki na kutolingana ni mitazamo mitatu ya mwanadamu. Anayekariri moja amekariri upande mmoja wa ugomvi bila kuambiwa kwamba upo ugomvi.

Zichukuliwe, mathalani, dawa zinazokatiza mabadiliko ya ujana. Tukisema zinazuia baleghe, tumetaja kizingiti. Tukisema zinaichelewesha, tumeahidi kwamba itafika. Tukisema zinaisitisha, tumedokeza kwamba inaweza kuendelea ilipoachia. Kila kitenzi ni hoja, na hoja hizo ndizo hasa zinazobishaniwa. Ripoti iliyoongozwa na Hilary Cass nchini Uingereza, iliyotolewa Aprili 2024, ilisema ushahidi juu ya dawa hizo ni dhaifu, na Desemba mwaka huo serikali ya nchi hiyo iliendeleza marufuku yake bila kikomo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kwa upande wake, kilikuwa kimethibitisha tena mwaka 2023 msimamo wa kuunga mkono matibabu ya aina hii. Mfasiri aliyeteua kitenzi kimoja kwa kufuata kamusi tu amekwisha kuamua shauri ambalo mabingwa wenyewe hawajaliafiki.

Zaidi ya hayo, baleghe ya Kiswahili haina mipaka sawa na neno la Kiingereza. Kwa Mwislamu wa Likoni au Kisauni, kubaleghe ni kuingia katika wajibu: swala, saumu na hesabu ya matendo. Mzazi akiambiwa kwamba baleghe ya mwanawe itacheleweshwa, anasikia swali la dini ambalo msemaji hakulikusudia wala hakulijua. Ajabu ni kwamba fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, ina njia ya kulijibu, kwani asiyeonyesha dalili za mwili huhesabiwa kuwa amebaleghe atimizapo miaka kumi na mitano ya mwandamo. Utamaduni wenyeji ulikwisha kutenganisha utu uzima wa mwili na utu uzima wa umri. Aliyekuja na orodha hakuuliza.

4. Sarufi inavyosema

Orodha za Kiingereza hutilia mkazo viwakilishi. Vijana hufundishwa kutangaza ni kiwakilishi kipi waitwe nacho. Katika Kiswahili funzo hilo ni dawa ya ugonjwa usiokuwapo, kwani "yeye" na kiambishi "a-" havimbagui mwanamume na mwanamke. Ubaguzi wa Kiswahili umejificha kwingine: katika maneno ya kuitana, bwana na bibi, kaka na dada, na katika kauli ya kitenzi, ambapo mmoja huoa na mwingine huolewa. Huko ndiko kijana anakoumia au kufarijika. Mwalimu aliyefunzwa viwakilishi huulinda mlango usio na mwizi.

5. Lawama ya wahakiki

Idara za Kiswahili nazo zina sehemu yake katika kosa hili. Kwa miaka mingi "suala la jinsia" katika tasnifu limekuwa jina jingine la taswira ya mwanamke. Kazi hiyo ilihitajika, na matunda yake yanaonekana; lakini ililifanya neno jinsia libebe maana moja, na sasa linapotakiwa kubeba nyingine linayumba.

Ilhali mifano ya lugha hai haikukosekana. Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Mmoja wao, Mishi wa Abdala, alikuwa mwenye ujuzi wa ngoma na mafunzo ya wari. Somo na kungwi walizungumza na kijana juu ya mwili wake kwa mafumbo, kwa nyimbo na kwa maelezo ya wazi, bila orodha ya istilahi. Haifuati kwamba unyago urejeshwe. Nao ulimfundisha kila mmoja mahali pake bila kumuuliza. Linalofuata ni kwamba Kiswahili kimekuwa na utanzu mzima wa kumweleza kijana mwili wake, na wahakiki wameuacha kwa wanaanthropolojia.

6. Hitimisho

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 humtaka mtoa huduma, pale inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa. Sharti hilo halitimizwi kwa kumkariria mzazi wa Changamwe neno la Kiingereza lililovishwa irabu. Mtu aliyekubali asichoweza kukisimulia kwa jirani yake hajakubali, na aliyekataa asichokielewa hajakataa. Kazi iliyo mbele ya idara, basi, ni kuacha kusaka neno moja kwa neno moja, na badala yake kukusanya na kuchambua sentensi: jinsi kijana mwenyewe anavyosema, jinsi mama anavyouliza, jinsi muuguzi anavyojibu. Istilahi itakayozaliwa humo itakuwa na wazazi wanaojulikana. Mpaka hapo itakapozaliwa, maelezo marefu yanayoeleweka yana heshima kuliko istilahi fupi isiyoeleweka.