Antena Moja Haitoshi Ziwa Tanganyika

Mwandishi aliyewashauri wenye boti za Kabwe wafunge antena moja kwa redio ya VHF na kifaa cha AIS, kinachowatangazia wengine mahali chombo kilipo, kwa kuwa masafa yanakaribiana, ameshika nusu ya ukweli. Yanakaribiana kweli: chaneli 16 ya dharura iko megahezi 156.8, AIS iko 161.975 na 162.025. Ukaribu huo ndio hatari yenyewe. Redio ikirusha wati 25 kwenye waya uliounganishwa kienyeji, nguvu hiyo huingia moja kwa moja kwenye AIS na inaweza kuunguza kipokezi chake.

Kipo kigawanyaji kilichotengenezwa ili redio na AIS zitumie antena moja kwa usalama, wala sikikatai. Lakini hata hicho, nahodha akibonyeza kitufe aongee, AIS hunyamaza mpaka amalize. Na nani huongea sana redioni? Ni aliye taabani, ziwa limechafuka, anaomba msaada. Ndipo chombo chake kinapoacha kuwatangazia wenzake kilipo! Tena mlingoti wenye antena hiyo moja ukivunjika, vyote viwili vimekwenda, na ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670.

Wenye boti, nunueni antena ya pili, muifunge mbali na ya kwanza. Fedha zikipungua, basi kigawanyaji halisi, na antena ya akiba ikae botini.