MINEMBWE: Mgonjwa wa kupooza hakatai chakula, koo ndilo linakataa

Minembwe, Fizi – Katika milima hii ya juu, mtu akianguka ghafla, mkono na mguu wa upande mmoja vikalegea na mdomo ukapinda, jamaa wanajua la kusema: tansiyo imempiga. Wanajua pia kumbeba kwa machela mpaka hospitali. Jambo ambalo familia nyingi haziambiwi ni kwamba hatari ya pili inamngojea mgonjwa huyo kwenye sahani ya ugali.

Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika sehemu ya ubongo, ao mshipa unapopasuka ndani yake. Ubongo huo huo ndio unaoamuru ulimi, midomo na koo. Karibu nusu ya wagonjwa, pengine zaidi, hushindwa kumeza vizuri siku za kwanza. Chakula ao maji yanapita njia ya hewa na kuingia mapafuni. Siku chache baadaye homa inapanda, pumzi inakuwa fupi, mtu anakufa kwa nimonia. Pale kwenye matanga kila mtu anasema ni tansiyo ilimwua. Si kweli kila mara. Wengine wameuliwa na kijiko, kikishikwa na watu waliowapenda.

Angalia namna wanavyolishwa. Mzee amelala chali, shangazi amemshika taya, binti anamimina maziwa: "Kunywa, baba, upate nguvu." Akikohoa wanasema anakataa. Akinyamaza wanafurahi, na hapo ndipo pabaya, kwa sababu wagonjwa wengine hawakohoi kabisa hata maziwa yakishuka mapafuni. Huku kwetu maziwa ni heshima, hakuna wa kubisha. Lakini maziwa mabichi ni mepesi kama maji, na kitu chepesi ndicho kinachokimbilia njia mbaya haraka. Mara nyingi maziwa ya mgando ao uji mzito uliochujwa unamezeka kwa usalama zaidi. Ugali mkavu, majani ya sombe yasiyopondwa vizuri, maganda ya maharagwe na miiba ya ndagala vingoje.

Halafu anatokea jirani mwenye kujua yote: huyu amekula karuho, atapishwe! Hilo lisemwe bila kuzunguka. Kumtapisha mtu ambaye koo lake haliwezi tena kufunga njia ya hewa ni kumwua. Kama kuna anayetaka kutafuta mchawi, amwache mgonjwa kwanza apone.

Lawama kubwa lakini si ya shangazi wala binti. Ni ya wale wenye kuvaa blouse nyeupe wanaompa mgonjwa vidonge vya tansiyo na kumrudisha nyumbani pasipo kumtazama akimeza hata mara moja. Wanajitetea kwamba hakuna mtaalamu wa kumeza. Ni kweli kwamba wataalamu hao ni wachache katika nchi zote za jirani. Uganda yenyewe ilianza kuwafundisha katika chuo kikuu cha Makerere mwaka 2008. Lakini Australia, ambako wataalamu wapo, kazi hii ilikabidhiwa pia wauguzi. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011, wauguzi wa hospitali 19 walihusika. Upande mmoja walifundishwa kusimamia mambo matatu katika siku tatu za kwanza: homa, sukari ya damu na kumeza. Baada ya siku 90, wagonjwa waliotunzwa hivyo walikuwa na matokeo mazuri kuliko wengine: wachache zaidi walikuwa wamekufa ao kubaki wa kutegemea watu.

Kipimo chenyewe hakiombi mashine. Mgonjwa awe macho, akalishwe wima, kinywa kisafishwe, apewe kijiko kidogo cha maji. Akikohoa, sauti ikigeuka ya majimaji, ao maji yakitoka pembeni ya mdomo, mtu asimpe tena kitu kwa kinywa mpaka apimwe upya. Ndipo mpira wa puani unapohitajika. Asiye macho asipewe kitu kinywani hata tone moja. Muuguzi wa kituo cha afya cha mbali kabisa anaweza kufanya hayo asubuhi ya leo.

Kuna wanaosema: watu wamehama, nyumba zimechomwa, na nyinyi mnazungumza kijiko? Ndiyo, kwa sababu waliohama ndio wanaoumia zaidi. Ndani ya kibanda hakuna kiti wala mto wa kumwegemeza mzee. Mgao ukifika ni unga wa mahindi, maharagwe, mafuta na chumvi, sawa kwa wote, na anayeandikisha familia anauliza idadi ya vinywa pasipo kuuliza ni kinywa gani hakimezi. Kushuka Baraka ni safari ya miguu na hofu njiani. Kwa hiyo msaada lazima umkute mgonjwa huku huku juu: unga laini wa uji, na mtu wa kuionyesha familia namna ya kumkalisha, kumpa kidogo kidogo, kungoja ameze kabla ya kijiko kingine, kumwacha wima nusu saa baada ya kula, na kumsafisha kinywa kila siku.

Wengi hurudia kumeza vizuri baada ya wiki chache. Wanaofika huko ni wale ambao hawakujazwa mapafu wiki ya kwanza. Karatasi ya kutoka hospitali ina nafasi ya kuandika vidonge. Chini yake kuna nafasi ya mistari miwili juu ya namna ya kulisha, iandikwe kwa Kiswahili, na isomwe kwa sauti mbele ya yule atakayeshika kijiko.