Bangili ya sumaku na shinikizo la damu

Bangili za sumaku zimeingia majumbani mwetu. Huuzwa mlango kwa mlango, hata penye mikusanyiko ya akina mama, na muuzaji hueleza kuwa damu ina chuma, basi sumaku huivuta, mishipa ikalegea na shinikizo likashuka pasi na dawa. Bei yake si haba. Lakini kinachotutia hofu zaidi ni vidonge vinavyoachwa kabatini.

Chuma kilichomo damuni si kama cha msumari. Kimefungamana na hemoglobini kwa namna ambayo sumaku ya bangili haiwezi kukivuta. Mashine ya MRI hospitalini ina sumaku yenye nguvu mara nyingi kuliko hiyo, na mgonjwa huingia akatoka, damu yake ikienda kama kawaida. Wala dai hili si geni. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume, Benjamin Franklin akiwamo, kuchunguza tiba ya usumaku ya daktari Mesmer. Waliofungwa macho wakaambiwa kuwa wanatibiwa walitetemeka, ilhali hawakufanyiwa lolote; waliofanyiwa bila kujua hawakuhisi kitu.

Shinikizo haliumi. Mama hujiona mzima, akaacha dawa, na bangili ikapewa sifa, hadi siku ya kiharusi. Kwa mja mzito hatari ni kubwa zaidi, kwani linaweza kuleta kifafa cha mimba. Naye aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asisogeze sumaku kifuani.

Kutamani njia isiyo ya dawa si kosa, na ipo. Shirika la Afya Duniani lasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo katika mkate, achari na ng'onda. (Papa wa chumvi aroweshwe na maji yamwagwe, nazi haihitaji chumvi ya pili.) Kutembea nusu saa baada ya alasiri, siku tano kwa wiki, nako husaidia. Hata hivyo vidonge viendelee mpaka daktari aseme vipunguzwe, na kabla ya Ramadhani aulizwe namna ya kuvigawa baina ya futari na daku.

Bibi aliyekwisha kununua bangili tusimfedheheshe mbele ya wajukuu. Kama hana kifaa hicho cha moyo, aachiwe iwe pambo lake. Tumwulize tu, kwa upole, kama vidonge vya leo amekwisha kuvimeza.