Sahani ya Mtoto wa Kambo

Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya sinema moja ya Kirusi inayogusa nyumba zetu.

Sinema hiyo ni Morozko, iliyoongozwa na Aleksandr Rou mwaka 1964 kutokana na ngano ya zamani ya Warusi. Katika Jamhuri ya Cheki huonyeshwa kwenye televisheni majira ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Nastenka analelewa na mama wa kambo. Usiku anafuma soksi huku Marfushka, binti wa mama huyo, amelala. Posa inapokuja, mama anampamba Marfushka na kumpaka Nastenka uchafu usoni ili uzuri wake usionekane. Hila inaposhindwa, anamwamuru mumewe akamwache Nastenka msituni kwenye theluji. Baba analia, lakini anatii.

Msituni Morozko, mzee wa baridi, anamwuliza kama anaona baridi. Nastenka anatetemeka, lakini anajibu kwa upole. Mzee anamhurumia, anamfunika, na mwishowe anarudi nyumbani na zawadi. Kwa tamaa, mama anampeleka Marfushka naye. Huyu anafoka na kudai mali. Anarudi akivutwa na nguruwe, na sandukuni mwake wanaruka kunguru.

Mama mwenzangu, hebu tujiulize: mama huyu alimharibu nani? Nastenka alijifunza kazi, subira na adabu. Marfushka, aliyependwa kupita kiasi, hakujua kupika wala kusema asante. Kweli, mchuma janga hula na wa kwao.

Pengine nawe unalea mtoto usiyemzaa: wa mumeo, au yatima wa ndugu yako. Wagawie watoto wote kazi sawasawa. Ukinunua nguo za sikukuu, asikose hata mmoja. Akikosa, mrudi kama unavyomrudi wako, bila kumtaja mama yake. Na moyo ukiwa mzito, zungumza na mumeo mapema, maana ukimya wa baba katika hadithi hii nao ulimpeleka mtoto kwenye baridi.

Tukumbuke kwamba Bwana wetu Yesu mwenyewe alilelewa na Yusufu, ambaye hakumzaa.

Leo jioni unapopakua chakula, tazama sahani za watoto wako. Je, mgeni akiingia ataweza kutambua ipi ni ya mtoto usiyemzaa?