Nani Atafunga? Swali Lililokosewa Kuhusu Timu za Vyuo vya Kisumu

Kila msimu wa michezo ya vyuo vikuu unapokaribia, swali moja huzagaa mabwenini, kwenye vibanda vya chai na kandokando ya viwanja vya vyuo vya Kisumu na viunga vyake: mwaka huu nani atakayefunga mabao? Jibu, aghalabu, huwa jina la mtu mmoja. Likipatikana jina hilo, mashabiki hutulia na kuanza kuhesabu mataji. Likikosekana, kwa kuwa nyota wa mwaka wa nne amehitimu na kwenda zake, husemwa kwamba timu imekwisha hata kabla ya mpira kuguswa. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo limekosewa, na kwamba kosa hilo huzigharimu timu za vyuo zaidi ya uhaba wa wafungaji wenyewe. Mustakabali wa ushambuliaji wa timu ya chuo hausomwi katika orodha ya mafowadi. Husomwa katika njia ambayo mpira huipitia hadi kuwafikia.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, neno "mamboleo" huja likiwa limeandamana na jingine: ushairi mamboleo, ukoloni mamboleo, fasihi mamboleo. Kwa mkazi wa Kisumu, Mamboleo ni mahali, njia panda ambapo barabara ya Kakamega huachana na ile ya kuelekea Miwani, Chemelil na Muhoroni. Hapo ndipo ulipojengwa Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ambao uliandaa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2021. Kabla ya hapo, mechi kubwa za mji zilitegemea Uwanja wa Moi. Kuwepo kwa uwanja wa kiwango hicho karibu na vyuo kumewaongezea wanafunzi hamu ya kandanda, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, uwanja haufungi mabao, na hamu ya mashabiki bila fikra sahihi juu ya mchezo huweza kuwa mzigo kwa vijana wanaoingia dimbani.

Yafaa kuanza na takwimu, kwani ndizo zinazotajwa sana na watetezi wa mfungaji mmoja. Mwaka 2015, mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Kenya alikuwa Jesse Were wa Tusker, aliyepachika mabao 22. Ubingwa ulinyakuliwa na Gor Mahia, iliyomaliza msimu mzima wa ligi bila kushindwa hata mechi moja. Katika msimu wa 2022/2023, Elvis Rupia wa Kenya Police alifunga mabao 27 na kuivunja rekodi ya mabao 26 ambayo Maurice Ochieng "Sonyi" wa Gor Mahia aliiweka mwaka 1976 na ambayo ilikuwa imedumu kwa miaka 47. Bingwa wa msimu huo, kwa mara nyingine, alikuwa Gor Mahia. Huko Japani, Michael Olunga alifunga mabao 28 akiichezea Kashiwa Reysol mwaka 2020, akatawazwa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Klabu yake ilimaliza katika nafasi ya 7.

Haitakuwa haki kuuficha upande wa pili. Sonyi aliweka rekodi yake katika mwaka ambao Gor Mahia ilitwaa ubingwa. Benson Omala, aliyeongoza kwa mabao 19 katika msimu wa 2023/2024, naye alivaa medali ya ubingwa akiwa na klabu iyo hiyo. Kwa hivyo, mfungaji hodari si bure, na hakuna kocha mwenye akili timamu atakayemfukuza. Yanayobainika katika mifano hii ni kwamba mabao ya mtu mmoja, peke yake, hayatabiri hatima ya timu. Yanaweza kuwa juu ya mnara imara au juu ya kichuguu. Anayetaka kujua msimu utakavyokuwa hana budi kuangalia kilicho chini yake.

Olunga ana nafasi ya pekee katika mjadala huu kwa kuwa alikuwa mwanafunzi. Alipokuwa akiifungia Gor Mahia mabao 19 ya ligi mwaka 2015, alikuwa akisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya jijini Nairobi. Si ajabu basi kwamba kila chuo nchini kinamtafuta "Olunga wake". Wanaomtafuta husahau kuwataja waliokuwa nyuma na kando yake. Kushoto alikuwapo Godfrey Walusimbi kutoka Uganda na kulia Karim Nizigiyimana kutoka Burundi, mabeki wa pembeni waliopenda kupanda na kumimina krosi. Katikati alikuwapo Khalid Aucho, kiungo Mganda aliyeupokonya mpira na kuuelekeza mbele. Meddie Kagere, aliyejiunga na klabu mwaka huo, aliwagawanya mabeki wa wapinzani ili wasiweze kumkaba mtu mmoja tu. Olunga alistahili sifa alizopewa. Hata hivyo, chuo kinachomtamani Olunga bila kuwatamani Walusimbi na Aucho kinatamani tunda bila mti.

Wakazi wa ufuo wa Ziwa Viktoria hawahitaji kufundishwa jambo hili, maana wanaliona kila siku. Omena huvuliwa usiku wa giza. Taa huwekwa majini ili mwanga uwavute samaki, mwingine hushughulikia chombo, wengine huuzungusha wavu, kisha wote huuvuta kwa pamoja. Kulipokucha katika ufuo wa Dunga, hakuna anayeuliza omena hao wamevuliwa na nani miongoni mwa wale waliomo chomboni. Swali kama hilo lingechekesha. Kiswahili kimeyaita mavazi ya lango na zana ya mvuvi kwa neno moja, wavu, lakini mashabiki wa vyuo wamechagua kuamini kwamba wavu wa langoni huvutwa na mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Iwapo hoja hii ina uzito katika klabu za kulipwa, ina uzito maradufu chuoni, kwa sababu ya jinsi chuo kilivyo. Klabu inaweza kumweka mshambuliaji kwa miaka kumi. Chuo hakiwezi. Shahada nyingi huchukua miaka 4, na kila mahafali huchukua sehemu ya kikosi. Wanafunzi wapya huripoti mwezi wa Agosti au Septemba, wengi wao wakiwa hawajawahi kucheza pamoja hata siku moja. Wanafunzi wa ualimu, wakiwemo wengi wa idara za Kiswahili, huondoka kwa muhula mzima kwenda katika mazoezi ya kufundisha. Kisha kuna mitihani, likizo ndefu na migomo inayoivuruga kalenda. Katika mazingira kama hayo, timu iliyojengwa juu ya miguu ya mtu mmoja hubomoka kila mtu huyo anapopanda basi kwenda nyumbani. Kinachoweza kudumu ni mtindo wa uchezaji: beki wa pembeni apande wakati gani, kiungo atazame wapi kabla ya kupokea mpira, winga aingie ndani au abaki kwenye mstari. Mambo haya yanaweza kurithishwa kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu hadi kwa yule wa mwaka wa kwanza, kama masimulizi yanavyorithishwa. Kipaji cha kufunga hakirithishwi.

Kuna madhara mengine ambayo hayaonekani katika matokeo. Kijana wa miaka 18 au 19 anapowasili chuoni akiwa na sifa za shule ya upili, hukabidhiwa jezi namba 9 na matarajio ya umma. Akikosa kufunga katika mechi tatu, kelele za pembeni mwa uwanja humfuata hadi darasani. Hakuna anayeuliza alipokea pasi ngapi ndani ya eneo la hatari, wala kama kuna aliyemtazama alipokimbilia nafasi wazi. Wapo wachezaji wa aina hiyo ambao huacha mpira kabla ya kuufikia mwaka wa pili. Hasara hiyo ni ya chuo kwanza, kisha ni ya klabu za nchi nzima, ambazo zingeweza kuwapokea vijana hao wakiwa wamekomaa. Hali ni iyo hiyo kwa timu za wanawake, ambako idadi ya wachezaji huwa ndogo zaidi na mzigo wa nyota mmoja huwa mzito zaidi.

Nini basi kifanywe kabla ya msimu kuanza? Kwanza, makocha wawape mabeki wa pembeni na viungo sehemu kubwa ya mazoezi ya ushambuliaji, badala ya kuwaacha mafowadi wapige mikwaju langoni wakiwa peke yao. Pili, kona na frikiki zifanyiwe mazoezi kila wiki. Huu ndio utajiri wa timu isiyo na nyota, kwani mpira umesimama, wapinzani wanajulikana walipo, na mpango uliokaririwa vyema huweza kutekelezwa hata na wachezaji waliofahamiana kwa miezi miwili. Tatu, kila mchezaji wa mwaka wa tatu apewe mrithi wa mwaka wa kwanza katika nafasi yake, wafanye mazoezi bega kwa bega, ili muhula wa mazoezi ya kufundisha usiache pengo. Nne, timu iweke daftari la mechi ambalo halitaandika wafungaji tu, bali pia waliotoa pasi ya mwisho na waliounyakua mpira kabla ya pasi hiyo. Daftari la aina hiyo halihitaji fedha. Linahitaji mwanafunzi mmoja mwenye kalamu na macho.

Watakaopinga watasema kwamba mashindano ya vyuo ni ya siku chache, hayana subira ya ligi, na kwamba katika mechi ya mtoano ni mtu mmoja anayeamua. Historia ya soka ya Kenya ina jibu. Mwaka 1987, Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika, lililojulikana kama Kombe la Mandela, kwa kuishinda Espérance ya Tunisia. Matokeo yalikuwa 2-2 mjini Tunis na 1-1 jijini Nairobi. K'Ogalo haikuishinda Espérance katika mechi yoyote kati ya hizo mbili, lakini ilibeba kombe kwa mabao ya ugenini, kulingana na kanuni iliyotumika wakati huo. Timu iliyotegemea mguu mmoja ingewezaje kurudi kutoka Tunis na mabao mawili, kisha ikastahimili dakika 90 za nyumbani bila kuyumba? Mashindano mafupi huhitaji mpangilio zaidi, kwa maana hayatoi nafasi ya kusahihisha makosa.

Hapa wanafunzi wa Kiswahili wana deni lao. Katika mechi nyingi za chuo, wao ndio hushika kipaza sauti na wao ndio huandika taarifa za michezo ubaoni na katika majarida. Lugha wanayoitumia imempa kila mtu jina: kipa, beki, kiungo, winga, mfungaji. Yule aliyetoa pasi iliyozaa bao hajapata jina moja lililokubalika. Hutajwa kwa maelezo marefu, kwamba "alimmegea mwenzake" au "alichangia bao", na mtangazaji anapoishiwa na pumzi, maelezo hayo ndiyo huachwa kwanza. "Pasi ya bao" hutaja tendo bila kumtaja mtenda. Mofolojia ingeweza kusaidia: kauli ya kutendesha ya kitenzi "funga" ni "fungisha", na mtenda ni "mfungishaji". Lakini anayefungisha ndiye anayeongoza ndoa, na shabiki anaposema kwamba kipa ameifungisha timu, anamlaumu kwa bao lililoingia katika lango lake mwenyewe. Sifa na lawama haziwezi kukaa katika neno moja bila kugombana. "Mwandaaji wa bao" lina nafuu, kwa sababu kuandaa ni kazi inayotangulia na inayoonekana, ingawa linahitaji kuzoeleka masikioni. Wataalamu wa istilahi wanaweza kupata lililo bora zaidi. La muhimu ni kwamba mtu asiye na jina katika lugha ya mchezo hutoweka pia katika kumbukumbu ya mchezo, na kocha anayesoma taarifa isiyomtaja hataona haja ya kumpanga tena.

Msimu ujao utakapokaribia, orodha za mafowadi zitabandikwa na majina yatajadiliwa kama kawaida. Atakayetaka kujua kweli timu ya chuo chake itafunga au haitafunga asiishie hapo. Na aende uwanjani siku ya mazoezi, jioni, wakati hakuna mashabiki. Aangalie beki wa kushoto anapopata mpira: je, kuna wangapi wanaosogea ili kumpa njia? Wakiwa watatu, timu hiyo itafunga hata kama bado hajulikani atakayefunga.